Leseni ya Mwalimu (Sehemu ya Tisa): Shahidi Mwenye Miwani

Mlango ulifunguka, na kilichotangulia kuingia kilikuwa marashi.

Kama ulikuwa nasi wiki jana, unakumbuka tulimwacha Mama Vifungo kwenye benchi la nyuma la chumba cha Bodi ya Leseni, mkoba mapajani, roho juu. Mwenyekiti alikuwa ametamka maneno matatu tu: "Shahidi aingie sasa."

Mama Vifungo hakugeuka. Ageuke ili iweje? Marashi yale aliyajua. Alishayanusa kwenye mashati ya mumewe Jumanne tatu mfululizo. Kila shati alilifua mara mbili, akalianika, akalinusa tena likiwa kwenye kamba.

Viatu vya kisigino vikapita kando yake. Ko, ko, ko.

Ndiye. Yule yule. Mwanamke wa miwani myeusi.

Kwa wewe unayeanza kusoma leo, mambo yako hivi. Mumewe Mama Vifungo ni mwalimu wa shule ya udereva. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na nusu ya madereva wa mji ule walijifunza kubadilisha gia mikononi mwake. Wiki tatu zilizopita, Jumanne mchana, polisi walimsimamisha akiwa kwenye gari la shule. Kipima ulevi kikasema amelewa. Leseni ikafungiwa mwaka mzima. Leo amekuja kukata rufaa, na rufaa ikigonga mwamba, kazi imekwenda.

Mama Vifungo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja wake. Miaka kumi na miwili ya ndoa haikumletea mtoto wa kuitwa kwa jina lake, basi watu wakamwita kwa vile vilivyojaa makopo yake.

Tuendelee.

"Vua miwani, mama," mwenyekiti alisema. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye chupa ya chai pembeni na sauti ya kuchoshwa na watu. "Humu ndani hakuna jua."

Mwanamke akavua.

Kwa muda wote ule Mama Vifungo alikuwa amemwomba Mungu nyuma ya miwani ile kuwe na makengeza. Mungu hakusikia. Yalikuwa macho makubwa, maangavu, ya kumfanya mtu asahau alichotaka kusema.

"Unamfahamu mkata rufaa?"

"Namfahamu. Ni mwalimu wangu wa udereva."

"Tangu lini?"

"Udereva, tangu miezi mitatu iliyopita."

Mwenyekiti akainua kalamu. "Mbona unasema 'udereva'? Kwani kuna kingine?"

Miwani, tumwite hivyo, akamtazama Mwalimu, aliyekuwa ameketi peke yake kwenye meza ya mbele na makaratasi yake. Mwalimu akaangalia viatu vyake.

"Mheshimiwa, nimeapa kusema kweli. Miaka kumi na minane iliyopita alikuwa mchumba wangu."

Wajumbe wawili wa bodi, wanaume waliokuwa wakisinzia tangu asubuhi, wakaamka kwa pamoja.

Mama Vifungo alihisi kama mtu amemchoma sindano chini ya titi na kuiacha humo. Mchumba! Yeye aliambiwa nini? Aliambiwa mwanafunzi wa Jumanne ni "mama mmoja mtu mzima, ana magoti mabovu, klachi inamshinda." Hayo ndiyo maneno ya mumewe, mezani, huku akitafuna.

Akayatazama magoti. Yalikuwa mazima kabisa, na yalionekana vizuri.

"Siku ya tukio mlikuwa wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwangu. Asubuhi nilifaulu mtihani wangu wa barabarani. Nikamwalika chakula cha mchana kumshukuru."

"Alikunywa?"

"Glasi moja ya mvinyo."

"Moja?"

"Moja, mheshimiwa."

Mwalimu hakuinua kichwa. Akageuza ukurasa, akamwelekea koplo wa usalama barabarani aliyekaa ukutani, kofia gotini.

"Afande, naomba kuuliza. Kile kipima ulevi kilikaguliwa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa pili."

"Na kinatakiwa kukaguliwa kila baada ya miezi mingapi?"

Koplo akakohoa. "Sita."

"Mimi ulinipima mwezi gani?"

"Wa tisa."

"Asante, afande."

Mwenyekiti akaandika. Moyo wa Mama Vifungo ukaruka kwa fahari kidogo, maana mumewe alijifunza maswali yale chumbani mwao, amesimama mbele ya kioo, na yeye ndiye aliyejifanya koplo. Kisha akakumbuka magoti, na fahari ikazimika.

"Koplo," mwenyekiti alisema, "kipimo tutakirudia baadaye. Mimi nataka mwanzo wake. Ulimsimamisha kwa nini? Alipita taa nyekundu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Alikwenda mbio?"

"Hapana. Alikuwa anaendesha vizuri tu. Tulipigiwa simu."

"Na nani?"

"Mwanamke. Hakutaja jina. Alisema dereva wa gari la shule ya udereva amelewa chakari, anayumba barabara nzima, ataua watu."

"Wewe ulimwona akiyumba?"

"Hapana, mheshimiwa."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Basi nisikilizeni wote. Huyo mwanamke akija hapa akatuambia alichokiona, polisi walikuwa na sababu. Akija akasema hakuona kitu, basi mtu alisimamishwa bure, na yote yaliyofuata…" Alipitisha kiganja juu ya meza kama anayefuta makombo. "Na asipojitokeza, bodi itaamini polisi. Leseni itabaki imefungwa. Tupumzike dakika ishirini. Chai yangu inapoa."

Msomaji, wewe na mimi tunamjua huyo mwanamke.

Ilikuwa Jumanne ile, jua la saa nane. Mama Vifungo alikuwa anatia pindo sketi ya mteja dirishani kwake, ng'ambo ya taa za barabarani. Gari la shule likasimama kwenye taa. Usukani ameshika mumewe. Pembeni, kwenye kiti ambacho mwalimu ndiye hukikalia siku zote, amekaa mwanamke wa miwani myeusi, anacheka.

Kucheka kungepita. Lakini yule mwanamke alinyoosha mkono, akamrekebisha Mwalimu kola ya shati. Taratibu, kwa vidole viwili, kama mwenye mali.

Kola ile aliishona Mama Vifungo kwa mikono yake. Alirudia mshono mara tatu ndipo ikakaa.

Damu ikampanda kichwani. Kabla taa haijabadilika alikuwa kwa kinyozi wa jirani. "Niazime simu, yangu haina chaji." Akapiga polisi, akasema yale maneno. Amelewa chakari. Anayumba. Ataua watu. Gari lilikuwa limesimama pale kwenye taa, limetulia kama meza.

Alitaka washushwe tu. Alitaka yule mwanamke atembee kwa miguu juani na visigino vyake. Hakujua kwamba kipimo kingekuja kuukubali uongo wake.

Na sasa nikwambie jambo ambalo Mama Vifungo hakulisema hata kwenye sala zake. Wiki tatu zile zilikuwa tamu.

Mwalimu alikuwa nyumbani. Asubuhi yupo, mchana yupo. Alimkatia nyuzi, alimpigia pasi, alipanga vifungo kwa rangi kwenye makopo. Hakukuwa na mwanafunzi wa kumkalia ubavuni, hakukuwa na marashi. Wateja walipoingia wakasema "Pole sana kwa yaliyompata bwana," Mama Vifungo alitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni akasema: kaeni na pole yenu.

Lakini mara nyingine alimkuta amesimama dirishani, anatazama magari, na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Breki. Achia. Breki.

Ndipo sindano ilipokuwa ikimchoma kidogo.

Nikinyamaza, aliwaza sasa akishuka ukumbini, leseni inakwenda na yeye anabaki kwangu. Nikisema, leseni inarudi, na yeye anaondoka nayo. Kwa nani? Kwa wa marashi.

Mumewe alimkuta karibu na ngazi, amebeba vikombe viwili vya chai.

"Kunywa, mke wangu. Umekunja uso tangu asubuhi."

"Magoti yake yamepona lini?"

Mwalimu akafumba macho. "Ningekuambia kweli ni nani, ungeniruhusu nimfundishe?"

"Nisingekuruhusu."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini? Miaka kumi na miwili nakushonea hadi mifuko ya ndani, hujawahi kuniambia ulikuwa na mchumba!"

"Ulikuwa unanuna nikimsifia mtangazaji wa redioni," alisema, wala hakuwa anatania. "Sikiliza. Tutagombana nyumbani, nakuahidi, utasema yote na mimi nitanyamaza. Leo nisaidie kitu kimoja. Niombee huyo mpiga simu ajitokeze."

Mama Vifungo akapokea kikombe.

"Wewe unadhani ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Mtu ananichukia. Lakini nimefundisha watu miaka kumi na mitano. Nikipita njiani, vijana wananipigia honi kwa heshima. Sasa nikipita kwa miguu wanapunguza mwendo wanichungulie." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Bila ile kadi mimi ni nani, mke wangu?"

Mume wangu, alitaka kusema. Haikutoka. Akamwachia kikombe, akaenda maliwatoni kunawa uso.

Kule, mbele ya kioo, akipaka rangi ya mdomo, alisimama Miwani.

Kulikuwa na bomba moja tu lililotoa maji, na lilikuwa upande wake.

"Karibu," Miwani alisema, akasogea. "Wewe ndiye Mama Vifungo. Mwalimu anakutaja sana."

"Ananitaja mmekaa wapi? Kwenye gari au kwenye kochi?"

"Kwenye gari. Mezani pia."

"Kitandani je?"

Miwani akaifunika rangi yake taratibu. "Dada, ungekuwa unamjua mumeo, usingeuliza hilo."

"Usiniite dada. Mama yangu alizaa watoto wanne na wote nawajua kwa sura."

"Haya, Mama Vifungo. Mimi sikuja kukunyang'anya mtu. Kama ni kunyang'anya ningenyang'anya zamani, wewe hujafika. Yeye ndiye aliyeondoka. Alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, akaahidi barua, barua haikuja. Muulize."

"Na sasa umekuja kuzidai?"

"Nimekuja kujifunza udereva."

"Shule za udereva ziko ngapi mjini? Nane! Ukaiona hiyo moja."

Kwa mara ya kwanza Miwani alikwepa macho, na Mama Vifungo akaona ameshika pazuri. Akaendelea.

"Unakuja kunipakia mume wangu marashi. Unamlisha, unamnywesha. Kujifunza gia ndiko kunakufanya umrekebishe mwanaume wa watu kola, mbele ya taa, mchana kweupe?"

Maji yalikuwa yakichuruzika. Miwani akalifunga bomba.

"Kola," alirudia polepole. "Nilimrekebisha kola mara moja tu maishani. Siku ile. Tukiwa kwenye taa. Dakika tano baadaye tukasimamishwa."

Mama Vifungo akaung'ata ulimi wake, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

"Ulituona," Miwani alisema. "Kumbe ni wewe."

Huko nje kengele ilikuwa inalia. Dakika ishirini zimekwisha.

"Nenda ukaseme," Mama Vifungo akamwambia. "Si ndicho unachokitaka? Kimbia, ukamwambie."

"Sisemi," Miwani akajibu, akachukua mkoba wake. "Mimi nitakaa pale mbele, nitakuwa nakuangalia tu."

Akatoka. Ko, ko, ko.

Angesema, Mama Vifungo angeweza kukana. Angekuwa na vita ya kupigana. Lakini huku kunyamaza kwake! Maana yake kuanzia leo hadi siku ya kufa, siri ya ndoa yake imekaa kwenye mkoba wa yule mwanamke, pamoja na rangi ya mdomo. Atakutana naye sokoni, atatabasamu. Atakutana naye njiani, atapiga honi.

Hilo hapana. Kama ni kuanguka, ataanguka kwa mdomo wake mwenyewe.

Akanawa uso, akajifuta kwa pindo la mtandio, akapiga moyo konde.

"Tunaendelea," mwenyekiti alisema watu walipoketi. "Koplo, huyo mpiga simu amepatikana?"

"Bado, mheshimiwa. Namba iliyopiga ni ya kinyozi, na kinyozi anasema simu yake huazimwa na watu wengi. Naomba nipewe…"

"Ni mimi."

Vichwa vikageuka. Mama Vifungo alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Wewe ni nani, mama?"

"Fundi cherehani. Na ni mke wake."

Kalamu ya mjumbe mmoja ikaanguka, ikabingirika hadi miguuni kwa koplo. Hakuna aliyeinama.

"Nilimwona kwenye taa na huyu mama. Alikuwa anamrekebisha kola. Nikashikwa na wivu, nikaazima simu. Sikuona gari likiyumba. Sikujua kama amekunywa hata maji. Nilisema uongo, mheshimiwa. Nilitaka tu washushwe."

Hakuthubutu kumtazama mumewe. Akatazama mgongo wake. Mgongo haukusogea.

"Unajua unachokisema kinaandikwa?"

"Kiandikwe."

Mwenyekiti akanywa chai yake funda moja refu. Akawainamia wajumbe, wakanong'ona, mmoja akatikisa kichwa, mwingine akainua mabega. Haikuchukua muda.

"Bodi imesikia. Polisi walimsimamisha mtu ambaye hawakumwona na kosa, kwa simu ya uongo, wakampima kwa kifaa ambacho muda wake wa ukaguzi ulishapita. Hatuwezi kuisimamia barua hii ya kufungia leseni." Akafungua faili, akatoa kadi ndogo, akaisukuma juu ya meza. "Mwalimu, chukua leseni yako."

Mwalimu akaichukua. Akaitazama pande zote mbili kama mtu anayehakiki kama ni yake kweli. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Koplo," mwenyekiti akaongeza, akifunga faili, "wewe na huyu mama mna mazungumzo yenu."

Koplo alishasimama, kofia kichwani. "Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai, mama. Twende kituoni ukaandike maelezo." Akamshika kiwiko. Hakumshika vibaya, lakini ulikuwa mkono wa polisi.

Na Miwani naye akasimama. Akavaa miwani yake, akatoa funguo za gari mkobani. "Twende, Mwalimu," alisema. "Leo naendesha mimi."

Hapo ndipo Mama Vifungo alipomtazama mumewe.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa anamtazama mkewe kama anavyoitazama njia panda asiyoizoea: kushoto, kulia, kushoto tena.

"Nenda naye," Mama Vifungo alimwambia. "Nimeshasema. Nenda."

Mwalimu akafungua kifungo cha mfuko. Akatoa leseni. Akairudisha mezani, mbele ya mwenyekiti.

"Mheshimiwa, naomba uandike upya. Mke wangu hakusema uongo."

"Mwalimu!" Miwani alisema kwa ukali.

"Nilikuwa nimelewa. Glasi nne."

Mwenyekiti akamtazama sana. "Unaelewa unachofanya? Leseni ilishakuwa mfukoni mwako."

"Naelewa."

"Koplo kasema gari lilikwenda vizuri."

"Koplo aliliona gari. Hakuona miguu. Magari yetu ya shule yana pedeli mbili-mbili, mheshimiwa, za mwanafunzi na za mwalimu. Mimi nilishika usukani kwa ubishi wa pombe. Kwenye ile taa niliitafuta breki, nikakanyaga klachi."

"Sasa gari lilisimama vipi?"

Miwani akavua tena miwani yake.

"Nilikanyaga mimi," alisema. "Nilikaa kiti cha mwalimu, upande wenye breki ya pili. Tangu nyumbani kwangu hadi tulipokamatwa, breki zote nilishika mimi. Nilimwomba anipe usukani, hakutaka. Na pale kwenye taa alikuwa anasinzia. Nilimvuta kola ili aamke, nikacheka ili asikasirike."

Kola! Wiki tatu Mama Vifungo ameitafuna ile kola usiku na mchana.

"Kwa hiyo uliapa hapa ukatudanganya," mwenyekiti alisema. "Glasi moja?"

"Nilimdanganyia, mheshimiwa, kwa sababu yeye hakuniomba," Miwani akajibu. "Angeniomba, nisingefanya."

Ni jibu ambalo Mama Vifungo hakulipenda. Alilielewa vizuri mno.

Mwenyekiti akalifungua faili upya kama mtu aliyejua chakula chake cha mchana kimeshapotea. "Koplo. Mtu akitoa taarifa kwamba dereva amelewa, na dereva akawa amelewa kweli, ni kosa gani hilo?"

Koplo akafikiri. Akautazama mkono wake juu ya kiwiko cha Mama Vifungo kana kwamba si wake. Akauondoa.

"Hakuna kosa, mheshimiwa."

"Basi kaa chini. Mama, nawe kaa. Mwalimu, leseni yako imefungiwa mwaka mmoja kama barua ilivyosema. Na shahidi asiondoke. Nina maneno naye."

Mwalimu akaitika kwa kichwa. Akarudi nyuma hatua mbili tatu, akaketi kwenye benchi, ubavuni kwa mkewe. Hawakugusana.

"Kwa nini umefanya hivyo?" Mama Vifungo akanong'ona.

"Ulitaka nikuache upelekwe?"

"Nilitaka ukasirike kwanza!"

"Nimekasirika," alinong'ona. "Nyumbani utaniona."

Hakuna neno la mapenzi lililowahi kumwingia Mama Vifungo kama lile. Nyumbani. Alikuwa amesema nyumbani.

Angeweza kumaliza siku pale, akaondoka na mumewe kwa miguu, akalia njia nzima kwa furaha. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kutaka mwanzo wa mambo.

"Swali la mwisho, Mwalimu. Faili lako ninalo. Miaka kumi na mitano, hujapata hata onyo la kuegesha vibaya. Mtu kama wewe, mchana wa kazi, glasi nne. Siku hiyo ulikuwa na nini?"

Mwalimu akamtupia Miwani jicho.

"Kuna habari niliambiwa mezani," alisema.

"Habari gani?"

"Usiseme hapa," Miwani akaingilia kati, na sauti ile ya majivuno ilikuwa imekwisha kabisa. "Nakuomba. Tulikubaliana, siyo hapa."

Tulikubaliana! Sindano ikarudi pale pale chini ya titi. Mama Vifungo akamgeukia mumewe. "Mlikubaliana nini?"

Paji la uso la Mwalimu lilikuwa limelowa jasho.

Mlango ukagongwa, ukafunguka kabla mtu hajasema "pita."

Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, amevaa sweta ya shule iliyompwaya. Akasimama mlangoni akiwakodolea macho wanaume waliokuwemo: wajumbe wawili, koplo, na mwanaume wa kwenye benchi.

Mama Vifungo hakumwangalia usoni. Fundi haanzi usoni, huanza mabegani. Bega la kushoto la yule msichana lilikuwa chini ya la kulia kwa nusu inchi, na sweta ilimteleza upande huo. Kwa miaka kumi na miwili kila shati alilomkatia mumewe alilipunguza nusu inchi hiyo hiyo, bega hilo hilo, na hakuwahi kumpunguzia mteja mwingine yeyote.

"Samahani," msichana alisema. "Nimechoka kukaa kwenye gari. Mama, ni yupi?"

Miwani akafunika uso kwa viganja. Mwalimu akainuka nusu, akaketi tena. Mwenyekiti aliangalia huku na huku akingoja mtu amjibu mtoto wa watu.

Basi Mama Vifungo akainua mkono wake, kidole bado kina alama ya sindano za asubuhi, akamwonyesha mwanaume aliyeketi ubavuni kwake.